Mkopo wa miaka saba: jinsi ya kutokata tamaa ukiwa bado katikati

Mi ni mwalimu, na deni langu ni lile la kawaida kabisa la watumishi, mkopo wa mshahara, milioni 12, miezi 84. Juu yake Bodi ya Mikopo, ile ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, nao wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwahiyo hela ikiingia unakuta ishapigwa panga mara mbili kabla hujanunua hata kiberiti. Siri sina, ila kuna vitu vimenisaidia nisizimie njiani, naviandika kama ninavyovifanya.

Kwanza ijue hesabu, maana wengi tunakata tamaa mwaka wa pili kwa sababu hatukuuelewa wa kwanza. Chukua hiyo milioni 12, riba asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miaka saba. Rejesho linakuja kama 245,000 kwa mwezi. Sasa mwezi wa kwanza humo ndani riba peke yake ni 170,000, yani deni lenyewe limepungua elfu 75 tu! Mwaka unaisha umelipa milioni 2.9 na ushee, unaenda kuuliza salio unaambiwa bado milioni 11, hapo ndo mtu anatoka benki anasema kaibiwa. Hujaibiwa ndugu yangu, riba inakula sana mwanzoni kwa sababu salio bado kubwa, na nusu ya deni unaivuka mwezi wa 54, sio wa 42 kama akili inavyokutuma.

Kwahiyo nenda kaombe ratiba ya marejesho, wanayo, wakuprintie. Ina safu ya riba na safu ya msingi, yani ile sehemu ya rejesho inayopunguza deni lenyewe. Mi nimeacha kabisa kuangalia salio, linaumiza bure, naangalia msingi umepanda shilingi ngapi kuliko mwezi uliopita, maana unapanda kila mwezi bila kukosa. Na nimezungushia kalamu nyekundu mwezi wa 36, ambao kwa mara ya kwanza msingi unaipita riba. Huo mwezi ndo sherehe yangu, sio ule wa mwisho, wa mwisho uko mbali mno kumtia mtu moyo.

Pili, lifanye deni lionekane. Nilichana karatasi kwenye daftari la hesabu la mistari ya vyumba, nikahesabu vyumba 84, nikaibandika nyuma ya mlango wa kabati. Mwanangu wa darasa la pili ndo anapaka rangi, chumba kimoja kila mshahara ukitoka, na nikisahau ananidai yeye kuliko benki. Kila vyumba 12 tunakula chipsi kuku, hiyo nimeiweka kwenye bajeti na siionei aibu, mtu hawezi kula dagaa na mchicha miaka saba akabaki na akili timamu.

Tatu, na hapa ndo penyewe: topapu, yani kuongeza mkopo juu ya ule ambao hujaumaliza, na miezi inaanza kuhesabiwa upya. Deni langu la kwanza lilikuwa milioni 8, nimefika mwezi wa 27 napigiwa simu, "mwalimu hongera, unaruhusiwa kutopapu", nikasikia hongera nikadhani nimefaulu kitu. Nikachukua, nikanunua bodaboda nikampa shemeji aendeshe, miezi mitano injini ikafa, na mimi nikarudi chumba namba moja kati ya 84. Simlaumu shemeji wala aliyepiga simu, kusaini nilisaini mwenyewe. Sasa hivi ile simu ikija najibu nipo kipindi, nakata. Ujue inakuja ukiwa umechoka, ukiwa na ada ya Januari mbele yako, usiamue siku hiyo, lala nayo hata wiki mbili.

Nne, kinachorudisha watu nyuma sio hilo deni kubwa, ni vidogo vidogo. Mtoto kaumwa usiku, hela huna, unakimbilia kausha damu, ile mikopo midogo ya mtaani, rejesho kila wiki, ukichelewa wanakuja kikundi kizima kubeba tivii mbele ya majirani. Mi nina kibubu, natupia elfu tano kila Jumamosi, sio akiba ya maendeleo hiyo, ni ya kunizuia nisikope kwa hasira. Na kama una vijideni vya Songesha, ile ya kukopa kwenye M-Pesa, au vya duka la Mangi, vimalize hivyo kwanza hata kama hesabu inasema vingine, moyo unapata nguvu ukiona jina limefutwa kwenye daftari la watu.

Familia nayo. Nimetenga elfu 30 kwa mwezi ya misiba na michango, ikiisha nasema sina, basi, sileti maelezo, maana ukianza kujieleza lazima utatoa.

Ukipata chochote cha ziada, posho ya kusimamia mtihani tuseme, uliza benki kama wanapokea malipo ya ziada bila kubadilisha rejesho, na uipeleke mapema. Kwa mkopo kama huu laki moja ya mwisho wa mwaka wa kwanza inakufutia kama 275,000 za mwishoni, hilo ni rejesho zima linaondoka na chenji. Laki hiyohiyo mwaka wa sita haina maajabu.

Halafu ukimaliza omba barua ya kumaliza deni, itunze, na uangalie slipi ya mshahara ya mwezi unaofuata. Kuna watu wanaendelea kukatwa na hawajui, kwa sababu miaka saba imewazoesha kutosoma slipi.