Foronya ya maua: jinsi ya kuifuata eksosomu kwa mikono yako

Kwanza niungame. Muhula mzima niliwafundisha vijana wangu wa tuisheni, hapa barazani kwetu Mji wa Kale, kwamba eksosomu ni kipande cha utando wa nje wa seli kilichochomoza na kukatika. Sivyo. Vifuko vya namna hiyo vipo, na aghalabu ni vikubwa zaidi, lakini eksosomu, kifuko kidogo mno ambacho seli hukitoa nje, huundwa ndani ya kifuko kingine, kwa mikunjo miwili. Ubaoni mikunjo hiyo haikumwingia mtu kichwani. Kwa kitambaa iliwaingia jioni moja.

Tafuta foronya ya kitambaa chenye maua upande mmoja tu (changu nilikipata Barabara ya Biashara, kipande cha mwisho wa jora), utepe, sindano, uzi mweupe na mwekundu, kifungo cha shati na punje ya mbaazi. Mfuko wa plastiki usiuwaze. Umepigwa marufuku hapa Kenya tangu 2017, na hata ungekuwepo, pande zake mbili hazitofautiani, ilhali pande ndizo somo lenyewe. Maua yanatazama nje ya seli. Mgongo mweupe unatazama ndani, kwenye saitoplazimu, ule ute unaoijaza seli.

Katikati ya foronya, upande wa mgongo, chora duara kwa kuzungushia kikombe cha kahawa chungu. Lipige bandi kwa uzi mweupe, ncha zote mbili uziache zikining'inia mgongoni. Ndani ya duara shona kifungo upande wa maua, mkia wa uzi wake utokeze mgongoni. Kifungo hicho ni kipokezi, protini iliyopenya utando. Vipokezi ndivyo vilivyofichua siri hii. Mwaka 1983 kundi la Rose Johnstone huko Montreal lilichunguza seli nyekundu changa za damu ya kondoo, na la Philip Stahl huko St. Louis likachunguza za panya. Yote mawili yaliona vipokezi vya transferini, vinavyoiingizia seli madini ya chuma, vikitolewa nje ndani ya vifuko vidogo mno. Seli nyekundu ikikomaa haina kazi navyo tena. Mwaka 1987 Johnstone akaviita vifuko hivyo eksosomu.

Sasa mkunjo wa kwanza. Kwa ngumi, sukuma duara kutoka nje liingie ndani ya foronya. Toa ngumi, pitisha mikono yote miwili mdomoni mwa foronya, uifunge shingo ya mfuko uliojitokeza kwa utepe. Umepata endosomu: maua yamefichwa ndani yake, mgongo umekugeukia wewe uliye saitoplazimuni.

Mkunjo wa pili ndio wenye kazi. Nilipojaribu mara ya kwanza sikuwa na ile bandi. Nilibonyeza ukuta wa endosomu kwa kidole, nikadhani shingo hii nayo nitaifunga kwa utepe. Utepe haukuwa na pa kushika. Fundi aliyenishonea foronya alinitazama weee, mwisho akachoka.

"Mwalimu, uzi wako uko upande usio wake. Shingo ya kwanza umeizunguka kwa nje. Hii ya pili wewe u ndani yake. Ifunge kwa ndani, kama kiuno cha suruali."

Hilo hasa ndilo tatizo la seli. Kifuko kikiingia kutoka nje, protini ya dainamini mara nyingi hujiviringisha shingoni na kuikaba. Kifuko kikichipuka kuelekea ndani ya endosomu, saitoplazimu imo ndani ya shingo, na dainamini haina pa kuzunguka. Hapo huitwa mashine ya protini iitwayo ESCRT. Ndiyo kamba ya suruali. Virusi vya HIV navyo hukwama papo hapo vikitaka kutoka, vikaiazima mashine hiyohiyo.

Basi funga uzi mwekundu kwenye mkia wa kifungo. Ni ubikwitini, alama ya kuwa mzigo huu uingie. ESCRT-0 hukamata alama, ESCRT-I na II huanza kukunja utando, ESCRT-III hujisokota shingoni kama uzi. Weka mbaazi katikati ya duara, uibonyeze kwa kidole, fungua ule uzi mwekundu (seli nayo huivua alama kabla ya kufunga, iitumie tena), kisha vuta ncha za bandi. Kifuko kimejifunga, mbaazi tumboni, maua nje. Seli humalizia kwa VPS4, protini inayochoma ATP, nishati ya seli, kuzifumua nyuzi za ESCRT.

Bandi si njia pekee. Seramidi, aina ya mafuta, huweza kuupinda utando bila ESCRT. Protini ya CD63 hukusanya baadhi ya protini nyingine, na protini za sintenini na ALIX zina mlango wao. Mbaazi yenyewe unaweza kuiita mikroRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni: baadhi huchukuliwa na protini ya hnRNPA2B1, ambayo hutambua mfuatano mfupi wa herufi za RNA kama GGAG, nyingine na protini ya YBX1.

Endosomu iliyojaa vifuko ina safari mbili. Ikienda kwenye lisosomu, tumbo la seli, vyote humeng'enywa. Ikielekezwa kwenye utando wa nje, kwa msaada wa protini kama Rab27a na Rab27b, huungana nao. Fungua utepe, sukuma mfuko urudi nje. Hapo ndipo vijana hunyamaza: kifuko kinaning'inia nje, maua juu, na kifungo kinatazama kulekule kilikotazama kabla hujakunja chochote.

Kikate kwa mkasi. Eksosomu ya kweli ina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi. Ukipanga safu eksosomu za nanomita 100, zipatazo 70 ndizo zitakazofikia upana wa seli moja nyekundu ya damu.

Foronya moja huvumilia vifuko vinne, ukihamisha duara kila mara. Baada ya hapo ni matundu matupu, nami hurudi Biashara kuuliza mwisho wa jora.