Somo: kodi (namba za hitilafu) P1349 na P0011 kwenye Toyota ya zamani, pima kabla hujaenda kununua spea Gerezani, Dar

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili inbox: "IST yangu imewasha taa ya cheki injini, imekuwa nzito, ninunue nini?" Naliweka hapa mara moja.

Somo ni la injini ya 1NZ-FE yenye VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa vali za injini kufunguka, iliyomo kwenye IST, Probox, Platz na baadhi ya Vitz. Mfumo huu unaendeshwa na presha ya oili. Kompyuta inaipa umeme vali ndogo ya oili, oili inaingia kwenye gia ya kamshafti (shafti inayofungua vali za injini) ya upande wa hewa, gia inajizungusha kidogo. P1349 ni kwamba mfumo hautii amri. P0011, kamshafti imetangulia kupita kiasi. Kodi zote mbili hazitaji spea ya kununua.

1. Soma kodi, iandike, usiifute.

2. Chomoa dipstiki. Oili ikiwa chini, ongeza. Ikiwa nzito kama uji wa ulezi, mwaga, badilisha na filta. Wengi mmewekewa 20W-50 eti kwa kuwa gari ni ya zamani, wakati injini hii inataka 5W-30. Oili nzito inachelewa kupita kwenye vijitundu vya VVT.

3. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya ile vali ndogo ya oili, upime vali kwa mita ya umeme: ohm 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Dar ikizidi kidogo usishtuke.

4. Hapa ndipo watu wanapounguza vitu, someni taratibu. Washa injini ipate moto, iache sailensi (bila kukanyaga mafuta), soketi ikiwa imechomolewa. Chukua waya mbili ndefu, upeleke umeme wa betri kwenye pini mbili za VALI yenyewe. Usiupeleke kwenye soketi inayotoka kwenye nyaya za gari, maana upande ule unakwenda kwenye kompyuta. Vifunge vichwa vya waya kwa tepu visigusane, na viweke mbali na mkanda na feni. Gusa sekunde chache tu, koili isichemke. Injini ikitetemeka au kuzima, vali na gia vinafanya kazi. Tafuta tatizo kwenye nyaya, sensa au taimingi (mpangilio wa cheni na kamshafti). Isipobadilika chochote, toa vali uikague.

MASWALI

MtuWaTabata: Mkuu sensa ya VVT bei gani Kariakoo?

Jibu: Hujasoma. Anza namba 1.

Kigamboni_Moja: Fundi wangu anasema chomoa soketi, endelea na safari. Mbona unatutisha?

Jibu: Simtishi mtu. Gari itakwenda, ila kamshafti itabaki nyuma, nguvu itapungua, na taa itawaka muda wote. Hitilafu nyingine ikija utaijuaje?

MamaProbox: Nimefanya namba 4, injini haikushtuka. Nimetoa vali, nikaipa umeme nje, kipini kinasogea vizuri. Naendelea wapi?

Jibu: Safi sana dada, umepima kama inavyotakiwa. Vali ni nzima, basi oili haifiki au gia imekwama. Kuna bolti kwenye silinda hedi yenye kichujio kidogo cha waya. Itoe, ukisafishe kwa kabureta klina. Vali irudishe na oringi mpya iliyopakwa oili, kisha rudia namba 4. Ikikataa, fungua tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) uangalie tope la oili. Asubuhi ukiwasha, unasikia mkwaruzo?

MamaProbox: Ndiyo, krrr, kisha unaisha.

Jibu: Basi gia au tensiona (kikaza) ya cheni ni ya kushukiwa. Fundi akague alama za taimingi kwanza, usinunue gia ya mtumba kwa kubahatisha.

MtuWaTabata: Nimesoma sasa, oili ilikuwa chini kabisa. Hiyo kabureta klina naweza kusafishia na sensa ya hewa?

Jibu: Vizuri, ongeza oili utafute inapovujia. Sensa ya hewa usiipulizie hiyo, waya wake ni mwembamba mno. Ina dawa yake, na iache ikauke kabla ya kuwasha.