Jinsi ya kuongoza sala ya jumuiya isigeuke kikao cha michango

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kwa zamu majumbani, hapa Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka sita, na miwili ya mwanzo niliikosea kazi. Tulisoma Injili mbio mbio, kisha nikafungua daftari na kuanza majina: nani katoa mchango wa ujenzi, nani bado. Mama ntilie mmoja akaacha kuja. Nilipomfuata akasema, "Katibu, nikija nadaiwa mbele za watu." Niliumia sana. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya hizi kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976 ili majirani waishi imani yao pamoja, nami nilikuwa nawafukuza majirani hao.

Basi fanya hivi. Alhamisi tuma kwenye kundi la WhatsApp Injili ya Dominika inayokuja na utaje tunasali nyumbani kwa nani. Jumamosi wahi kabla ya saa 12 asubuhi, usaidiane na mwenyeji kuandaa meza: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia. Iwe Biblia ya karatasi. Simu huita watu wakiwa kimya. Na chai msiruhusu kabisa. Mpangaji wa chumba kimoja akiona jirani kaandaa supu na maandazi, zamu yake ikifika atasingizia safari.

Sisi tunafuata zile hatua saba za kusali na Biblia zilizotoka taasisi ya Kikatoliki ya Lumko, Afrika Kusini. Kwanza mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi, kisha somo linasomwa polepole. Hatua ya tatu ndiyo tamu: kila aliyeguswa na neno au kifungu analitamka mara tatu, kwa sauti ya sala, bila maelezo. Katikati ya neno na neno, kimya.

Jumamosi ya tarehe 10 Februari 2024 tulikuwa na Marko 1:40-45, yule mwenye ukoma. Bibi mmoja asiyejua kusoma alisema, "Akamgusa." Akanyamaza. "Akamgusa." Mara ya tatu sauti ilimkatika. Watoto nao walitulia.

Hatua ya nne ni kimya cha dakika tatu. Tazama saa, maana ukikisia utakatisha kwenye dakika ya kwanza. Ya tano, watu wanashirikishana walichosikia moyoni. Hapa kuwa imara: mtu aseme "mimi", asihubiri, wala asimjibu mwenzake. Tunaye mwalimu mstaafu anayependa kufafanua. Nilimwomba pembeni, kwa heshima, siku moja kabla, naye akanielewa.

Hatua ya sita jumuiya nyingi huiruka, na mimi naona ndiyo roho ya yote. Uliza: tumetumwa kufanya nini wiki hii? "Tuwaombee wagonjwa" bado si jibu. Taka jina la anayekwenda, anakokwenda, na saa. Kesho yake ilikuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, na yule bibi akamtaja mzee wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa kwenye dozi ya kifua kikuu, ambaye majirani walikuwa hawampi hata mkono. Wawili wakajitolea kwenda saa 4 asubuhi ile ile, kumfulia na kumchotea maji. Ya saba ni sala fupi fupi za kila mmoja, na wimbo.

Michango sasa. Ije mwisho kabisa, dakika kumi, pamoja na matangazo. Soma jumla iliyopatikana na kinachopungua, majina yabaki kwa mweka hazina. Aliyekwama amfuate yeye faragha. Mama ntilie alirudi nilipobadilisha hili, na huwa anatoa kidogo kidogo.

Wiki inayofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, uliza: waliotumwa walifika? Sisi tulipouliza, mmoja wa wale wawili alisema mzee anaomba naye apangiwe zamu ya kupokea jumuiya. Kwaresima ile tulisali barazani kwake.