Unaishi steti moja, kazi iko nyingine? Faili hivi usikatwe kodi mara mbili

Huku kwetu mtu analala Mtwapa, kaunti ya Kilifi, asubuhi apanda matatu kuja kazini Mombasa, na kodi ya mshahara ni ile ile PAYE ya KRA, kaunti haina ruhusa kutoza kodi ya mapato. Ndugu zetu wanaenda Marekani na mazoea hayo na ndo wanapoumia, maana kule steti nyingi zina kodi yake mbali na ya serikali kuu, na miji mingine pia inataka yake.

Dada yangu anakaa Jersey City, kazi Manhattan. New York inamkata kwa sababu pesa anaitafuta kwao, New Jersey inahesabu mapato yake yote kwa sababu ndo kwake. Dawa ni krediti ya kodi, yaani steti ya nyumbani ikupunguzie kwa sababu ya kodi unayodaiwa kule kazini, lakini ufuate mpangilio: maliza kwanza ritani ya steti ya kazini kama mtu asiye mkaazi, kwa New York ni fomu IT-203, halafu ndo uingie ya nyumbani, NJ-1040 pamoja na Schedule NJ-COJ, ndo karatasi ya kudai hiyo krediti. Sisi tulianza na ya nyumbani, tena tukachukua ile hesabu ya kisanduku 17 cha W-2, karatasi ya mwaka ya mshahara kutoka kwa mwajiri, tukaiweka kama krediti, kumbe hiyo ni iliyokatwa tu, inayotakiwa ni kodi unayodaiwa baada ya hesabu za IT-203, basi tukarudia yote kwa simu mpaka huku kwangu adhana ya alfajiri ikalia.

Steti zingine zimekubaliana ulipe nyumbani pekee, kama New Jersey na Pennsylvania. Mkaazi wa New Jersey anayefanya kazi Pennsylvania ampe mwajiri fomu REV-419, ya kuomba asikatwe kodi ya Pennsylvania, mapema, tafadhali usingoje mwisho wa mwaka. Ila Philadelphia bado itakukata kodi yake ya mshahara, makubaliano hayo hayaihusu. Jiji la New York lenyewe halitozi wasiokaa pale tangu 1999, kwa hivyo ukiona umekatwa ya jiji na wewe walala Jersey, idai kwenye IT-203 hiyo hiyo.

Na wewe unayefanyia kazi nyumbani Jersey kwa mwajiri wa New York, siku hizo New York kawaida bado inazihesabu zake, isipokuwa ni kazi yenyewe iliyokulazimu kuwa huko.

Tarehe ya mwisho ya kufaili kule kwa kawaida ni 15 Aprili, usiichanganye na 30 Juni ya iTax.