Kivinjari Kimekuwa Kizito Baada ya Kusasisha Mfumo: Zingatia Haya Kabla Hujafuta Chochote

Umehamia toleo jipya la mfumo, kompyuta ikazima na kuwaka yenyewe mara kadhaa, ukafika. Unafungua kivinjari: ukurasa unajivuta, ukisogeza chini unakwamakwama, na herufi unazoandika zinatokea baada ya vidole kuzipita. Ukimuuliza mtu yeyote, jibu la kwanza ni moja: "Futa data ya kuvinjari." Usifute. Kufuta kuna mahali pake, na mahali pake ni karibu na mwisho, baada ya kujua uzito unatoka wapi na baada ya kuhakikisha kuwa hutajifungia nje.

Kwanza, ipe mashine muda. Mfumo mpya ukishaingia huendelea na kazi nyingi ambazo huzioni: unaorodhesha upya mafaili yako ili yatafutike, unakagua virusi, unapakua masasisho yaliyobaki. Kwenye Windows fungua Task Manager uangalie nani anakula prosesa na diski. Ukikuta Microsoft Windows Search Indexer au Antimalware Service Executable wamekaa juu ya orodha, kivinjari unakionea bure. Kwenye Mac fungua Activity Monitor. Huko majina ya kutafuta ni mds_stores na mdworker, ndiyo kazi za kuorodhesha mafaili. Chomeka chaja, zuia mashine isilale, iache ifanye kazi usiku kucha. Yenye diski ya zamani ya kuzunguka itachukua muda mrefu kuliko yenye SSD. Watu wengi wamebomoa mipangilio yao kutibu tatizo ambalo lingeisha lenyewe kufikia asubuhi.

Pili, angalia nafasi kwenye diski. Diski iliyojaa pomoni inapunguza kasi ya kila kitu, kivinjari kikiwemo. Windows huacha mfumo wa zamani ndani ya folda ya Windows.old, na folda hiyo ni kubwa, kwa hiyo utashawishika kuanza nayo. Iache kwanza. Ndiyo inayokuwezesha kurudi toleo ulilotoka, na nafasi hiyo ya kurudi hudumu siku 10 tu kwa kawaida, kisha mfumo unaifuta wenyewe. Hamisha video, futa mafaili uliyoyapakua ukayasahau, hiyo folda iguse ukisharidhika na toleo jipya.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hukaa, usiisahau. Windows 11 inataka angalau GB 4. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuingia. Ukiwa na GB 4 na vichupo ishirini wazi, hakuna mpangilio utakaokuokoa; funga vichupo.

Tatu, tenganisha mtandao na kivinjari. Fungua ukurasa uleule kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile, halafu ufungue kwenye kivinjari kingine ndani ya kompyuta hiyohiyo. Vyote vikijivuta, shida ni mtandao. Simu ikiwa nyepesi na vivinjari vyote viwili vikiwa vizito, shida iko kwenye mfumo: draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kutumia kifaa), VPN au proksi (programu na mipangilio inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta nyingine kwanza), au programu ya kuzuia virusi iliyobebwa kutoka toleo la zamani. Kikiwa kizito kimoja tu, sasa ndiyo una haki ya kukilaumu. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Yote yanayofuata yanategemea jibu lake.

VPN na proksi zizime kwa muda, ujaribu tena. Programu za kuzuia virusi zisiwe mbili kwa wakati mmoja.

Nne, hakikisha kivinjari ulichonacho ni cha mashine hiyo. Mac zenye chipu za Apple zilianza kutoka mwaka 2020, na zinaweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya Intel kwa kuzitafsiri kupitia Rosetta. Kivinjari kinachopita huko kinafanya kazi, lakini kwa uzito usio wa lazima. Activity Monitor ina safu inayosema kila programu ni ya aina gani. Ukiona Intel mbele ya kivinjari chako kwenye mashine yenye chipu ya Apple, pakua toleo linalostahili. Kwa wanaotumia Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, kumbuka kwamba kuanzia toleo la 22.04 Firefox hutolewa kama kifurushi cha snap, aina ya kifurushi kinachobeba ndani yake karibu kila kitu programu inachohitaji. Mtu anayepanda kutoka toleo la nyuma hubadilishiwa kifurushi, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba kinachelewa kufunguka mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine. Kikishafunguka na kwenda vizuri, hicho ndicho ulichokutana nacho, na kufuta historia hakutabadilisha lolote. Jua pia kwamba wasifu wako, yaani folda yenye alamisho, manenosiri na mipangilio yako ya kivinjari, sasa unakaa ndani ya folda ya snap, si pale pa zamani.

Tano, viendelezi, yaani programu ndogo ulizoziongeza ndani ya kivinjari. Fungua ukurasa mzito katika hali fiche (Incognito), ambako viendelezi huzimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Kwenye Firefox kuna Troubleshoot Mode kwenye menyu ya msaada. Ukurasa ukiwa mwepesi huko, rudi uvizime vyote, kisha uwashe kimoja kimoja. Angalia na kinyume chake: huenda kuna kiendelezi kilichozimwa bila wewe kujua. Chrome ilianza mwaka 2024 kuzima viendelezi vya mtindo wa zamani, vikiwemo baadhi ya vizuia matangazo vilivyotumiwa na watu wengi. Mtu aliyezoea kurasa safi anaanza kupakuliwa matangazo yote kwa pamoja, na kwa kuwa alikuwa ametoka kusasisha mfumo, anaulaumu mfumo.

Sasa tufike kwenye draiva ya michoro, na hapa nakuomba utulie.

Kivinjari cha siku hizi hakichori ukurasa kwa prosesa peke yake. Kusogeza, kucheza video, vivuli na michoro hukabidhiwa chipu ya michoro. Toleo jipya la mfumo likiingia na kushindwa kuitambua chipu hiyo vizuri, linaweka draiva ya dharura inayotosha kuonyesha picha kwenye skrini, basi. Kivinjari kikikuta hali hiyo kinahamisha mzigo wote kwenye prosesa. Ndiyo maana intaneti ni nzuri, ukurasa unafika, lakini kuusogeza ni mateso na feni inalia.

Kukagua ni rahisi. Kwenye Chrome andika chrome://gpu mahali pa anwani. Kwenye Edge ni edge://gpu. Ukiona mistari mingi inayosema "Software only", au mstari wa GL_RENDERER, unaotaja kinachochora kurasa, ukasema SwiftShader, umempata mhalifu. Kwenye Firefox andika about:support, nenda sehemu ya michoro. Maneno "WebRender (Software)" yana maana hiyohiyo, na kwenye Linux jina llvmpipe linasema jambo hilohilo. Kwenye Windows thibitisha kwa Device Manager: chini ya Display adapters panatakiwa pawe na jina la chipu yako halisi. Pakisema Microsoft Basic Display Adapter, chipu yako haina draiva yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa kazini. Kompyuta yake iliingia toleo jipya usiku, asubuhi kivinjari kikawa hakisogei, na alikuwa na ripoti ya kuwasilisha. Kijana wa meza ya jirani akamwambia kwa nia njema kabisa, "Dada, futa kila kitu humo ndani, kitaruka." Dada wa watu akafungua dirisha la kufuta data, akachagua tangu mwanzo, akatia alama kwenye visanduku vyote vilivyokuwepo: historia, vidakuzi (vinavyokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti), mafaili ya akiba (cache, nakala za kurasa ulizofungua), manenosiri, fomu zilizojazwa. Akabonyeza. Kimduara kikazunguka, kikaisha. Akafungua ukurasa. Ukakwamakwama vilevile.

Halafu barua pepe yake ikamwomba nenosiri.

Hilo nenosiri hakuwa ameliandika kwa miaka. Kivinjari ndicho kilichokuwa kikilijua, na sasa hakilijui tena. Simu yake ilikuwa mpya na hakuwa ameiingiza akaunti hiyo. Akabonyeza "umesahau nenosiri", akaambiwa msimbo umetumwa kwa namba inayoishia na tarakimu mbili alizozitambua mara moja: laini aliyoiacha zamani. Barua pepe ya kurejesha ilikuwa ya kazi aliyotoka, haifunguki. Nilikaa naye pale. Fomu ya kurejesha akaunti iliuliza nenosiri la mwisho analolikumbuka, akaandika moja, akaandika jingine, na kila mara jibu lilikuwa kwamba haikuwezekana kuthibitisha kuwa akaunti ni yake. Picha za wanawe za miaka yote zilikuwa humo. Mikataba, vyeti alivyoviskani, barua za marehemu baba yake.

Alipokwenda kupiga simu, nikafungua ukurasa wa gpu kwenye mashine ileile. "Software only" kutoka juu hadi chini. Tukasoma namba ya modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, tukachukua draiva ya michoro kwenye tovuti ya watengenezaji, tukaiweka, tukazima na kuwasha. Ukurasa ukateleza kama kawaida. Kazi nzima haikufika nusu saa. Akaunti haikurudi, hata baada ya wiki za kujaza fomu ileile.

Kwa hiyo, kabla mkono wako haujagusa kitufe cha kufuta, fanya haya ukiwa bado umeingia kwenye akaunti zako. Fungua mipangilio ya usalama ya barua pepe, usome namba ya simu iliyoandikwa humo kwa macho yako. Usiseme "nadhani ni hii". Isome. Badilisha ya zamani. Fanya hivyo na barua pepe ya kurejesha. Kama unatumia uthibitishaji wa hatua mbili, chukua misimbo ya akiba, ile ya kuingilia ukikosa simu, uiandike kwenye karatasi na kuiweka mbali na kompyuta hiyo. Hamisha manenosiri kwa kutumia kitufe cha kivinjari chenyewe, lakini fahamu kwamba faili linalotoka, la CSV, halina kufuli: anayelifungua anayasoma yote. Liweke mahali salama, na likishamaliza kazi yake liondoe kabisa. Alamisho zihamishe kwa faili la HTML.

Usidanganyike kwamba kunakili folda ya kivinjari kunatosha. Manenosiri ya Chrome kwenye Windows yamefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows. Ukiweka mfumo upya na kuirudisha folda, alamisho zitakuja, manenosiri hayatafunguka. Kwa Firefox mafaili logins.json na key4.db lazima yaende pamoja, moja bila jingine halina faida.

Angalia pia usawazishaji (sync), unaolinganisha data ya kivinjari kwenye vifaa vyako vyote. Ukiwa umewashwa, unachokifuta kwenye kompyuta kinaweza kufutika hata kwenye simu. Watu wengi hudhani simu ni nakala ya akiba, kumbe ni kioo cha kompyuta.

Ukishajihakikishia hayo yote, na vipimo vikiwa vimeonyesha kweli kwamba kivinjari ndicho chenye shida, futa picha na mafaili ya akiba peke yake. Hayo hayakutoi kwenye akaunti yoyote. Kurasa zitachelewa kidogo mara ya kwanza kwa kuwa zinapakuliwa upya, usishtuke. Vidakuzi na manenosiri viache. Isiposaidia, tengeneza wasifu mpya mtupu ujaribu humo, wa zamani ukiwa haujaguswa. Ukiwa mwepesi, hamia taratibu. Firefox ina Refresh Firefox, ambayo hubakiza alamisho na manenosiri, huondoa viendelezi, na huacha data ya zamani kwenye folda ya Old Firefox Data. Na ukifungua Firefox ukaikuta tupu, alamisho zote zimetoweka, usianze kuijaza upya: andika about:profiles. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019 kila usakinishaji una wasifu wake, na mara nyingi wa zamani upo palepale, haukuchaguliwa tu.

Mengine ni tahadhari za jumla. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujaribu, ndipo uende kingine. Usipakue programu zinazoahidi kusafisha kompyuta au kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Draiva chukua kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu. Usizime ulinzi wa virusi ukasahau kuuwasha. Ukiamua kurudi Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo huko si pa kukaa. Usimpe mtu usiyemjua nafasi ya kuiongoza kompyuta yako kutoka mbali. Na kama una kazi ya kuwasilisha kesho, matengenezo yasubiri: tumia kivinjari kingine, maliza kazi, tuma, ndipo urudi kwenye hiki.