SOMO: Kitendawili kilivyoamsha kikundi chetu kilicholala

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mliniomba nieleze tulivyokiamsha kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaani, Nkuhungu, Dodoma. Kilikuwa cha misiba, michango na "amina". Waandikaji wale wale.

Hatua ya 1. Chagueni saa, msiihame. Sisi ni saa 2 usiku, watu wameshakula.

Hatua ya 2. Andika "Kitendawili!" kisha nyamaza. Usiendelee mpaka watatu waitikie "Tega!" Ukitega kabla ya kuitikiwa, hilo ni tangazo, si mchezo. Na kimoja kwa siku kinatosha.

Hatua ya 3. Tunga chako. "Nyumba yangu haina mlango" hata mtoto anajua ni yai. Mimi nilitega: "Wanangu wamekanyagwa mchana, usiku jirani anaimba." Zabibu! Walihangaika nusu saa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye utamu. Wakishindwa, usitoe jibu. Sema, "Nipeni mji." Ukishapewa, lazima uutembelee kwa maneno: umefikaje, umekula nini, umekuta nini, ndipo utoe jibu. Dodoma imejaa watu wa kuja, kila mmoja ana kwao, na hakuna anayevumilia kwao kusemwe kombo. Usiku mmoja nilipewa Hombolo, nikaandika kwamba nimewakuta wakisubiri mavuno ya zabibu, ya mara moja kwa mwaka. Mzee mmoja ambaye hatukuwahi kusoma hata neno lake akaibuka: "Kijana, huku tunavuna mara mbili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Au ulipita umelala kwenye basi?" Wakaniandama mpaka saa 5. (Siku hizi mara mojamoja nakosea makusudi. Mzee asiambiwe.)

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Area C: Mwanangu, washindi tuwape vocha?
— Hapana, mama. Tulijaribu wiki mbili. Vocha zilipoisha, na watu wakaisha. Kwetu mshindi ndiye anayetega kesho yake.

Mdogo wenu, Mpwapwa: Kaka, wanaochungulia majibu Google je?
— Rudi hatua ya 3, mdogo wangu. Ulichotunga jioni hii jikoni kwako hakipo huko.

Mjumbe, Bahi: Kuna mmoja vitendawili vyake vyote ni vijembe kwa jirani yake.
— Mjumbe, mfuate faragha, usimseme kikundini. Kwetu yupo wa hivyo. Tulimpa kazi ya kuhesabu pointi, akapoa.

Bibi, Kondoa: Mjukuu wangu, kuandika kunanichosha, macho hayaoni vizuri.
— Shikamoo, bibi. Usiandike, tuma sauti. Tukishindwa tutakupa Kolo, utupitishe kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006.

Bibi, Kondoa: Marahaba. Kolo naijua kuliko nyinyi wote. Haya, kitendawili!
— Tega!