Kuvua kaa wa mikokoni kwa kamba na chambo: somo kwa wanaotoka na watoto

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimeombwa mara kadhaa na wanachama wenzangu wa kundi hili nieleze namna ya kwenda kuvua kaa na watoto bila ya mtu kurudi amebanwa vidole au amenasa matopeni. Sisi Pemba tumejaaliwa mahori. Upande wa magharibi, tangu Wete, Chake Chake hadi Mkoani, bahari imeingia ndani ya ardhi na mikoko imejipanga kandokando, na kaa wamo humo. Njia nitakayoisema haina ndoana, haina mtego, haina kuchimba mashimo. Ni kamba, kichwa cha samaki na subira. Ndiyo njia ninayoiamini nikiwa na mtoto wa miaka sita ubavuni.

Kwanza: maji

Kabla hujatafuta kamba, tazama mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi kutimia, huja bamvu. Maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti yake hufika kiasi cha mita 4. Siku hizo hukupwa kama saa nne asubuhi, kisha hujaa mpaka kama saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hori halina mwendo mkubwa.

Kaa hutoka kutafuta chakula maji yanapoingia. Basi fika maji yamekupwa, mkague mahali, muanze kuvua yanapogeuka, na saa mbili baadaye muwe mmeshatoka. Hapa ndipo watu wanapokosea. Maji ya bamvu hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yananyemelea, saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Tena katika hori hupita vijitoni na kukuzunguka kwa nyuma, wewe macho yako yako mbele kwenye kamba. Yalinipata mimi. Tulikaa kwenye kitutu cha mchanga na wanangu wawili, kaa wanakuja mmoja baada ya mmoja, nilipogeuka njia tuliyoijia haipo. Mdogo nilimbeba mabegani, mkubwa nikamshika mkono, na maji yalikuwa yananifika kifuani. Tangu siku ile muda wangu ukifika naondoka, hata kama kaa wanagombania chambo.

Pili: mahali na ruhusa

Tafuta ukingo wenye mchanga mgumu, au gati dogo la kushushia samaki. Usiwapeleke watoto ndani ya matope ya mikoko. Vipumulio vya mchu, yaani mizizi ya aina moja ya mkoko inayochomoza juu ya tope, vinachoma nyayo, na chaza waliogandana na mizizi hukata kama wembe. Kila mtu avae raba kuukuu zilizofungwa vizuri; kandambili hubaki matopeni.

Ukifika diko (bandari ya wavuvi) usilolijua, msalimie kwanza bwanadiko, msimamizi wake, umweleze ulilojia. Kamati ya uvuvi ya shehia huenda imefunga sehemu ili viumbe wapumzike, na kisiwa cha Misali kina eneo lisilovuliwa kabisa. Kuuliza hakugharimu kitu.

Tatu: vifaa

Kila mvuvi na kamba yake ya mita 4 au 5, jiwe dogo la kuzamishia, na kichwa cha samaki. Kichwa cha kibua ni kizuri kuliko vyote kwa sababu kina mafuta na harufu yake husafiri. Wavu wa mpini mmoja unatosha watu watatu. Chukueni pakacha au ndoo yenye mfuniko, gunia la kulowesha, na maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani.

Nne: kuvua kwenyewe

Funga kichwa cha samaki pamoja na jiwe, pitisha kamba mdomoni na kutoka matamvuani ili kisichomoke. Tupa karibu na mizizi, si katikati ya mkondo. Mtoto ashike kamba kwa vidole viwili, asiizungushe mkononi. Samaki mdogo hudonoa. Kaa huvuta: kamba inakuwa nzito, inaondoka polepole, inasimama, inaondoka tena.

Sasa hapa mtoto atataka kuikwapua, na akiikwapua kaa ameondoka. Mfundishe avute shubiri kwa shubiri, apumzike, avute. Kaa akishakamata chakula ni mchoyo, hukifuata mpaka karibu na uso wa maji, na akiona mwanga ndipo huachia. Kwa hiyo mtu mzima atangulize wavu chini ya maji, amchote kutoka chini kaa angali hajatokeza. Mtoto na kamba, mzazi na wavu. Wanangu huvua vizuri zaidi siku ambazo mimi nimenyamaza.

Tano: nani arudi baharini

Mkanyage kaa taratibu kwa raba, mgongoni, kisha mshike kwa nyuma, kwenye mashina ya miguu ya kuogelea. Kazi hii ni ya mtu mzima. Mgeuze tumbo: kifuniko chembamba chenye ncha ni dume, kipana cha duara ni jike. Jike mwenye mayai chini ya kifuniko, yawe ya rangi ya chungwa au yameshapiga weusi, arudi majini papo hapo. Aliye mdogo kuliko kiganja cha mtu mzima naye arudi. Halafu mbonyeze tumbo karibu na mguu. Likibonyea, huyo amejivua gamba karibuni na ndani ni maji matupu. Mwache anenepe.

Maswali ya wanachama

*Mama wa watoto watatu, Wete:* Kaka, mtoto akibanwa je?

Dada yangu, usimvute kaa wala usimvunje gando, kwani gando lililovunjika huendelea kubana. Tia mkono majini pamoja na kaa, mtulie. Mara nyingi huachia ili akimbie. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Likiwa la kina, hospitali.

*Mwanachama wa Chwaka:* Kwetu bahari hukupwa mbali sana. Njia hii inafaa?

Inafaa ukingoni mwa mikoko na kwenye vijito vyake. Mkitembea kwenye maji kifundoni, burureni nyayo msiziinue, ili samaki taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hamjamkanyaga. Na hesabuni pia muda wa kurudi kwa miguu.

*Mwanachama wa Micheweni:* Ami, nyumbani kwetu hatuli kaa. Twende tukavue na kuwaachia?

Katika madhehebu yetu ya Shafi wanazuoni wametofautiana juu ya kaa, kwa hiyo muulize shehe wako. Ila kumsumbua kiumbe kwa mchezo tu mimi siridhiki nako. Chukueni mshipi wenye ndoana ndogo, chambo cha ngisi au cha kamba wa baharini, mkae gatini mvue changu. Watoto watafurahi vilevile na chakula kitapatikana.

*Mwanachama wa Chake Chake:* Nawatia kwenye ndoo ya maji, wananifia njiani. Kwa nini?

Maji machache yasiyotembea huishiwa hewa upesi. Mwaga maji, watandikie gunia bichi, wafunike, waweke kivulini, watafika wazima. Magando yafunge mapema, maana hukatana wenyewe kwa wenyewe. Aliyekufa kabla ya kupikwa mtupe. Wengine watie kwenye barafu mpaka watulie, ndipo uwachemshe kwa chumvi kama dakika 15, utoe matamvua, na umalizie kwa tui zito, kitunguu saumu na ndimu.